Jinsi ya kusoma vijembe vya Waingereza wa zamani

Nyie mnaosoma fasihi ya Kiingereza hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na mnasema vitabu vya zamani havieleweki, mara nyingi shida sio lugha, shida ni kwamba mwandishi alikuwa anamsema mtu mkubwa na hakutaka kufungwa.

Anza na mwaka. Tarehe 1 Juni 1599 maaskofu Whitgift na Bancroft walipiga marufuku kuchapa mashairi ya kejeli, vitabu kadhaa vikachomwa moto, alafu 1605 Ben Jonson na Chapman, waandishi wa tamthilia, wakawekwa ndani sababu ya utani kuhusu Waskoti, wakati mfalme James mwenyewe alikuwa Mskoti. Ukishajua hayo huwezi kusoma kirahisi rahisi.

Pili tafuta hadithi aliyojifichia. Mshairi Dryden mwaka 1681 alitoa shairi la Absalom and Achitophel bila jina lake, sasa chukua Biblia fungua 2 Samweli sura ya 13 mpaka 18 uiweke pembeni ya shairi. Daudi ni mfalme Charles II wa Uingereza, Absalomu ni Monmouth mtoto wake wa nje ya ndoa, Ahithofeli ni Shaftesbury, mwanasiasa aliyekuwa anampigania huyo kijana arithi kiti. Lakini usiishie kupanga majina, hapo wengi ndo wanapoachia! Angalia alichokiacha: kwenye Biblia Absalomu ananing'inia kwenye mti na Yoabu anamuua, Dryden anakata hadithi kabla vita havijaanza, manake mfalme bado alikuwa anampenda mwanae na nani angethubutu kumuua kwenye karatasi.

Ni kama kanga, jirani anajua jina lile linamsema yeye ila akienda kwa mjumbe hana ushahidi. Kwa hiyo kila mstari jiulize, huyu akiitwa mahakamani angejiteteaje?

Na ikiwa ni tamthilia fikiria jukwaa pia. A Game at Chess ya Middleton, Agosti 1624, ukiisoma unaona kete za chesi tu, ila pale Globe, ukumbi wa maigizo London, watu walimwona Gondomar, aliyekuwa balozi wa Hispania, kwenye kete ya farasi mweusi, na inasemekana waigizaji walipata mpaka suti yake ya zamani na machela aliyokuwa anabebewa. Ilichezwa siku 9 ikafungwa baada ya Wahispania kulalamika kwa mfalme.

Mhusika asipofanana na mtu yeyote muache, usilazimishe. Ukidai ni fulani leta dalili mbili tatu kutoka kwenye maandishi yenyewe, cheo, tabia, tukio la mwaka ule, ndo uandike kwenye insha.