Taa ya LED ya volti 12: kuchagua waya na kuunga usipoteze mwanga

Taa ya kibanda ikififia, watu hulaumu betri, kisha hulaumu LED. Mara nyingi mkosaji ni waya. Volti moja na nusu ikipotea njiani kwenye umeme wa nyumbani wa volti 240, hutagundua. Kwenye volti 12, utaigundua papo hapo.

Tuchukue kibanda cha rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) pale Arua, Uganda, kinachopika mpaka saa nne usiku. Kina utepe wa LED wa mita 2, ule wa wati 14.4 kwa kila mita, na betri imefungiwa ndani ya nyumba, mita 10 kutoka kwenye sigiri. Wati 28.8 ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 2.4. Volti zitakazopotea ni 0.0175 (namba ya ukinzani wa shaba) mara urefu wa waya kwa mita, mara ampea, kisha ugawe kwa ukubwa wa shaba katika milimita za mraba. Urefu hapa ni mita 20, maana umeme huenda na kurudi. Wengi hukosea hapo.

Waya wa milimita za mraba 0.5 utakula volti 1.68. Wa 1.5 utakula 0.56, na wa 2.5 kama 0.34. Hiyo 1.68 inaonekana ndogo, lakini kumbuka utepe umepangwa kwa makundi ya LED tatu tatu, na kila LED hutaka karibu volti 3. Volti 9 zimeshatumika. Ni 3 tu zilizobaki za kusukuma umeme kwenye rezista, kile kipande kidogo kinachozuia umeme usizidi. Waya wa 0.5 ukila sehemu ya hizo, mwanga hupungua kwa karibu theluthi. Kwa kibanda hiki tumia 1.5, au 2.5 ukiwa na uwezo. Lakini kama betri inaweza kusogezwa hadi mita 5, isogeze kwanza. Hasara itapungua nusu bila kununua chochote.

Dukani usidanganywe na unene wa plastiki. Waya mnene kwa nje unaweza kuwa na shaba kidogo sana ndani. Mwombe muuzaji akumenyee ncha, kisha kwangua uzi mmoja kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukikuta weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba: hupoteza volti karibu mara moja na nusu ya shaba, hukatika upesi ikikunjwa, na sehemu ilipoungwa hulegea. Pitisha pia sumaku ya spika mbovu. Ikivuta, ndani kuna chuma. Chagua waya wa nyuzi nyingi nyembamba, kwa sababu ule wa uzi mmoja mgumu hung'oa maungio ya utepe kila upepo unapotikisa turubai.

Fyuzi si hiari. Hata betri ndogo ya bodaboda, chanya na hasi zikigusana, hufanya waya uwe mwekundu na plastiki ishike moto. Weka fyuzi ya gari ya ampea 5, ile ya rangi ya kahawia hafifu, kwenye waya wa chanya, isizidi sentimita 15 kutoka kwenye betri. Ukiiweka karibu na taa, mita zote 10 zinabaki bila ulinzi.

Kata utepe kwenye alama tu, katikati ya vidoti vya shaba. Paka solda kwenye kidoti, paka na kwenye ncha ya waya, kisha vigusanishe kwa sekunde 2. Ukikawia, kidoti hubanduka na kipande hicho cha LED tatu kimekufa. Tumia solda yenye utomvu ndani. Asidi ya kuchomelea rejeta hula shaba polepole, na baada ya miezi michache taa huanza kupepesa. Waya wa utepe ni mwembamba, kwa hiyo acha sentimita chache tu kabla ya kuunga na waya mkubwa. Kusokota na kufunga tepu hakutoshi: shaba huota kutu, sehemu hiyo hupata moto na kula volti. Kama huna solda, tumia konekta ya skrubu.

Ukiwasha na taa isiwake, geuza chanya na hasi kabla ya kuhukumu kitu. Ikiwaka, acha dakika 10, kisha gusa kila ungio kwa kidole. Lenye joto liunge upya. Pima volti kwenye betri na kwenye mwanzo wa utepe taa ikiwa imewaka. Ukipima imezimwa utapata namba zilezile pande zote mbili na utadhani waya ni mzima. Tofauti ikizidi sana hesabu yako, tafuta ungio bovu, kisha shuku shaba.

Mwisho, acha waya ulegee na kuning'inia kidogo kabla haujaingia kwenye utepe, ili maji ya mvua yadondokee hapo chini yasifuate waya mpaka kwenye solda.