Namna ya kudai ujira sawa na mwanamume mnayefanya naye kazi moja

Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu, nilipalilia bega kwa bega na wanaume. Jioni wao walipewa shilingi 7,000, sisi 5,000. Tukaambiwa, "Ninyi ni akina mama." Baadaye, Arusha mjini kwenye stoo ya kufungasha mboga, nikakuta yale yale, ila huku yalipewa cheo: mwanamume aliitwa mpakiaji, mimi msaidizi, na kreti tulinyanyua wote.

Dada yangu, anza na daftari. Kila siku andika tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kazi uliyoifanya na hesabu yake: kreti ngapi, mistari mingapi, ndoo ngapi. Cheo kiache. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha ujira sawa kwa mwanamke na mwanamume kwa kazi yenye thamani sawa. Kinachopimwa ni kazi.

Kisha muulize mwenzako wa kiume analipwa ngapi. Hapa ndipo wengi tunaona haya. Mimi nilimuuliza kaka mmoja tukila wali maharage mchana, akanionyesha ujumbe wa benki kwenye simu yake. Bila yule kaka nisingekuwa na la kusema.

Shambani hakuna karatasi, kwa hiyo patana kabla hujashika jembe. Omba kulipwa kwa kipande, kipimwe kwa fimbo moja kwa wote. Kibarua wa kutwa hupunjwa kirahisi kwa kuwa siku haina kipimo. Nendeni watatu wanne, mpatane bei pamoja. Mashahidi ndio mkataba wenu.

Mwajiri akigoma, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ile tunayoiita CMA. Huduma ni bure. Jaza Fomu Namba 1, mpelekee mwajiri nakala asaini kuwa ameipokea, ndipo uisajili. Angalia siku: ni 60 tangu mgogoro uanze, na kama umeachishwa kazi ni 30 tu. Nimeona wanawake wenye haki kabisa wakirudishwa kwa kuchelewa, na inaniuma. Ukishaonyesha dalili za ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Fomu iliyosainiwa itoe nakala mbili. Moja mwachie mtu unayemwamini nyumbani; kazini usiache hata moja.