Kihispania: tazama kaneno kanakofuata kitenzi

Wiki yangu ya tatu Madrid, mpishi mkuu wa mgahawa nilikokuwa naosha vyombo aliniambia, "El sábado contamos contigo." Nilijua contar ni kuhesabu au kusimulia, nikaelewa kwamba Jumamosi watanipigia tuongee. Nikakaa nyumbani nasubiri simu. Kumbe contar con ni kumtegemea mtu: walikuwa wananingoja jikoni, masufuria yamejaa kwenye sinki.

Sisi tusijifanye tunashangaa. Kwetu kumkimbia polisi na kumkimbilia polisi ni mambo mawili yasiyopatana, na anayehama Nairobi siye anayehamia Nairobi. Ila sisi mabadiliko tunayashona kwenye mkia wa kitenzi; Mhispania anakiacha kitenzi chake kilivyo, kisha anaweka nje a, de, con, en au por. Kwa hiyo usikariri kitenzi peke yake. Contar con iandikie mstari wake daftarini, kana kwamba hujawahi kuiona contar.

Kinachoweza kukudhuru kweli ni dejar. Chenyewe ni kuacha kitu mahali, kuruhusu au kuazima: "déjame el boli", niazime kalamu. Kikifuatwa na de, ni kuacha kufanya jambo. Daktari akisema "deje de tomar las pastillas", acha kumeza vidonge. Akisema "no deje de tomarlas", anakuonya usiache hata ukijisikia nafuu. Sikio la mgeni hudaka "no" na "tomar", likatafsiri "usimeze". Muulize palepale: "¿Las sigo tomando, sí o no?", niendelee kuvimeza, ndiyo au hapana? Hakuna daktari atakayekucheka, na akicheka, mwache acheke.

Kwenye kutafuta chumba utakutana na quedar kila siku. Quedar con ni kupanga kuonana na mtu. Quedar en ni kukubaliana jambo. Quedarse con ni kubaki na kitu mkononi, na ndivyo unavyosema dukani viatu vikikuenea: "me quedo con estos", nachukua hivi. Lakini ukisikia wapangaji wenzako wakilalamika "se quedó con la fianza", ujue mwenye nyumba hakurudisha amana. Tangazo likisema chumba "da a la calle", dirisha linatazama barabarani. "Da a un patio" mara nyingi ni kile kishimo katikati ya jengo wanakoanika nguo: kimya, pengine bei nafuu, ila nenda mchana ukaone kama kuna mwanga.

Ofisini, "vuelva a llamar" si kurudi popote. Piga simu tena. "Acabo de llegar" ni ndio kwanza nimefika, ilhali acabar con ni kukimaliza kitu kabisa, hata kukiangamiza.

Kuna na a ya watu, ile inayowekwa mbele ya mtu anayetendewa, ambayo wengi wetu tunaimeza. "Quiero un niño", nataka mtoto. "Quiero a un niño", kuna mtoto nampenda. Ukiidondosha wakati unamsifu mtoto wa jirani, utaangaliwa vibaya.

Na mtu akikuamkia na "he soñado contigo", usihangaike kukumbuka mlikuwa wapi pamoja. Con iliyomo ndani ya contigo ("na wewe") hapa haina maana ya kuwa pamoja, umeotwa tu.