Ndoo moja ya maji ya moto Dodoma ni shilingi ngapi?

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu maji ya kuoga unayachota na kujimwagia, basi. Mwaka 2019 ofisi ya mume wangu ilipohamishiwa Dodoma nilijiandaa kwa vumbi na jua tu. Mwezi wa sita ulipoingia nikajua sikuambiwa yote. Kuanzia hapo hadi mwezi wa nane, upepo wa alfajiri unaingia chini ya mlango kama una ufunguo wake, na mtoto wa shule ukimwonesha maji ya bomba analia kabla hujamgusa. Hapa kwetu Nkuhungu tunaoga ndoo nne za maji ya moto kila siku. Ndoo hizo nne ndizo zilizonifanya ninunue daftari na mzani.

Nilianza kwa kuuliza, na kila mtu alinitajia bei ya chombo. Gunia la mkaa elfu 65, mtungi mdogo wa gesi elfu 25, umeme wa elfu kumi. Bei hizo haziwezi kulinganishwa, maana hujui ndani yake mna ndoo ngapi. Kitu cha kutafuta ni bei ya joto lililofika kwenye maji. Lililopasha ukuta, sufuria na hewa ya uani umelilipia pia, lakini huogi nalo.

Chukua ndoo ya lita 20 iwe kipimo chako. Maji ya bomba ya asubuhi wakati wa baridi nayahesabu nyuzijoto 20, na ya kuoga yakifika 45 yanatosha kabisa. Kwa hiyo tunataka kuyapandisha nyuzi 25. Uniti moja ya umeme ikiingia yote ndani ya maji inapandisha lita 20 kwa nyuzi 43 hivi. Ukigawanya, ndoo yako inahitaji uniti 0.58 za joto, liwe limetoka kwenye mkaa, gesi au nguzo ya umeme. Maji hayajui yamepashwa na nini.

Sasa upande wa nishati. Kilo ya gesi ya kupikia ina joto karibu uniti 13. Kilo ya mkaa mkavu ina kama 8, kuni kavu zinazidi 4 kidogo, na lita ya mafuta ya taa inakaribia 10. Hapo ndipo watu wengi huishia, wakaona mkaa ni rahisi. Lakini jiko la kawaida la mkaa linafikisha kwenye sufuria kama sehemu moja ya tano ya joto lake. Gesi inafikisha nusu au zaidi kidogo. Mafiga matatu ya kuni, hasa kwenye upepo wetu huu, ukipata sehemu moja ya kumi ushukuru. Hita ya kutumbukiza inakaa ndani ya maji yenyewe, hivyo karibu joto lote linabaki humo.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Mzani wa kuning'iniza, ule wa wauza samaki, unatosha. Kwa mkaa, pima kabla ya kuwasha. Maji yakiwa tayari zima mkaa uliobaki kwa kuufunika, ukipoa pima tena. Kwa gesi, pima mtungi kabla na baada. Ndoo moja inakula gesi kama gramu 90, nazo ni ngumu kuziona kwenye mzani wa namna hiyo, kwa hiyo pasha ndoo zote za siku mbili kisha gawanya. Kwa umeme, chomoa friji na pasi, soma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, washa hita, soma tena.

Yangu yalikuwa hivi: hita ya wati 1,500 ilikula uniti 0.65 kwa dakika 26. Gesi ndani ya chumba cha jiko kisichoingia upepo, gramu 90. Gesi hiyohiyo nikiwa nimeiweka kibarazani, gramu 130! Upepo wa Dodoma ulikuwa unakula moto wangu na mimi ninamlaumu muuza gesi. Mkaa, gramu 350 kwa ndoo nikipasha ndoo zote nne mfululizo. Kwa ndoo moja peke yake ilizidi, kwa sababu jiko lenyewe lazima lishibe kwanza.

Kupata bei ya kilo kunahitaji macho. Sado ya mkaa naichukua kwa 2,000, na niliipima ikawa kilo moja na robo, yaani 1,600 kwa kilo. Gunia la elfu 65 lilikuwa na kilo 52, lakini nilipolimimina nikatoa kilo nne za chenga zisizowaka, kwa hiyo kilo inayowaka ikawa 1,354. Mkaa wa mgunga ni mzito na ukigonga vipande vinalia kama chuma. Mwepesi unaisha kama karatasi. Mkaa ulionyeshewa ndio wizi wa wazi, unanunua maji ili upashie maji.

Mtungi wa kilo 6 kwa 25,000 ni 4,167 kwa kilo. Wa kilo 15 niliubadilisha kwa 58,000, ikawa 3,867. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, hivyo mwambie muuzaji apime mbele yako kisha toa. Kuna duka nililokuwa nachukulia, siku nilipokwenda na mzani nikakuta pungufu ya gramu 400. Hiyo ni zaidi ya shilingi 1,600, ndoo nne na ushee za maji.

Umeme una mtego wake. Risiti ya kwanza ya mwezi inakatwa kodi ya jengo, kwa hiyo usichukue pesa uliyotoa ukagawa kwa uniti ulizopata. Subiri risiti ya pili. Yangu inatoka 356 kwa uniti, kodi zote zikiwemo. Elfu kumi inanipa uniti 28.

Basi ndoo moja kwangu: umeme 231, gesi ya mtungi mdogo 375, mkaa wa gunia 474, mkaa wa sado 560. Mafuta ya taa niliyahesabu kwenye karatasi tu, yakaangukia karibu na mkaa, na harufu yake bafuni siitaki. Kwa mwezi mzima wa ndoo nne kwa siku, umeme ni kama 27,800, mtungi mdogo 45,000, mkaa wa sado 67,200.

Jirani yangu, bibi wa Kigogo anayeishi na mjukuu mmoja, aliniangalia daftari akacheka. "Mwanangu, mimi kwangu umeme ni 122." Na kweli, yuko kwenye kile kiwango cha wenye matumizi madogo, wasiovuka uniti 75 kwa mwezi. Kwake ndoo ni shilingi 79. Nikaona wivu. Halafu nikapiga hesabu: ndoo zangu nne ni uniti 2.6 kwa siku, kwa mwezi 78. Yaani hata ningekuwa kwenye kiwango chake, kuoga tu kungenitoa, bado sijawasha taa. Kwake yeye ndoo moja kwa siku ni uniti 19.5 kwa mwezi, anabaki salama. Kwa hiyo ukiwa kwenye kiwango hicho, soma kwanza mwezi wa tano ulitumia uniti ngapi, toa kwenye 75, kinachobaki gawa kwa 0.65. Jibu ndilo idadi ya ndoo za bei ya bibi. Zikizidi hapo, uniti inayofuata ni ya bei nyingine kabisa, ghali kuliko yangu, na ukizoea kuvuka unahamishwa kiwango. Nyumba ya namna hiyo yenye watu wengi ichanganye: ndoo chache za umeme, nyingine gesi.

Hita itumie kwa adabu. Ndoo ya plastiki, si ya bati. Itumbukize kwanza ndipo uwashe. Zima na uchomoe plagi kabla kidole hakijagusa maji, na mtoto asikaribie. Maji yetu ya visima yana chumvi, baada ya wiki chache koili inavaa ukoko mweupe kama chokaa na inachelewa kupasha. Iloweke kwenye siki au maji ya ndimu usiku kucha, sugua kwa brashi ya zamani.

Kupasha chumba ni habari nyingine, na hapo nawashauri mfunge pochi. Hita ya chumba ya wati 2,000 ikiwaka saa mbili kila usiku inakula uniti 4, yaani 1,424. Mwezi unafika 42,700, na ukizima tu bati linarudisha baridi yake. Mimi nilishona mfuko mrefu wa kitenge, nikaujaza mchanga, nikauweka chini ya mlango. Nikaziba vioo vya dirisha vilivyokosa kufunga. Blanketi zito nililipata soko la Sabasaba kwa chini ya gharama ya mwezi mmoja wa hita hiyo. Mtoto analala na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo.

Jiko la mkaa chumbani, hapana. Mwaka wa kwanza niliingiza, nikafunga mlango ili joto lisitoke. Usiku kichwa kikaniuma kama kinapasuka, mdogo akaanza kutapika, na chumba hakikuwa na moshi wala harufu yoyote. Mume wangu ndiye aliyefungua mlango. Hewa ile ya mkaa haina rangi na haina harufu, na hata mkaa ulioshika jivu jeupe unaitoa. Jiko libaki nje, hata kama linakaribia kuzima.

Kupika sijagusa, maana maharage ya hapa yana kesi yake: Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na punje zinachelewa kulainika. Loweka tangu jana yake, funika sufuria. Mwezi wa tisa joto likirudi naiosha hita yangu, naikausha, naipandisha juu ya kabati, na ndoo inarudi chini ya bomba.