Kichujio cha umeme cha amplifaya: rezista isisahaulike

Kwa wanaojiundia kichujio hapa Lamu ili friji na pampu zisikwaruze kwenye spika: kapasita ya kati ya laivu na nyutro iwe ya daraja la X2 (iliyotengenezwa kufungwa kati ya laivu na nyutro), 0.47 µF, volti 275 AC, na sambamba nayo fungeni rezista mbili za kiloomu 220, nusu wati, zikifuatana. Moja peke yake huenda isistahimili kilele cha volti 340 cha umeme wetu wa 240. Bila rezista, kapasita hubaki na chaji. Ukichomoa plagi ukagusa pini, inakupiga. Rezista zikiwapo, chaji huisha ndani ya sekunde moja. Kapasita ya DC msiiweke hapa hata ikiandikwa volti 400: ikichoka hupiga shoti na kuwaka moto. Fyuzi itangulie vyote kwenye waya wa kahawia (laivu), na boksi la chuma likazwe kwa skrubu kwenye waya wa kijani na manjano (ardhi).

Kapasita za Y2 (daraja la kufungwa kutoka laivu na nyutro) za kwenda ardhini, 2.2 nF kila moja, ziacheni kabisa kama ardhi ya nyumba si ya kuaminika, mfano nondo iliyopigwa kwenye mchanga mkavu. Mkiziweka hapo, boksi na amplifaya vitashika karibu volti 120, na mtu atasikia ganzi akigusa.

Mvumo mzito wa 50 Hz unaotokana na mzunguko wa ardhi (vifaa kuunganishwa ardhini kwa njia zaidi ya moja) kati ya miksa na amplifaya hautaondoka kwa kichujio hiki. Umeme hafifu nao hakiupandishi.