Mvutaji aliyevunjika mfupa: mweleze kuhusu mfupa wake
Usimwambie tu kwamba sigara ni mbaya; hilo analijua siku nyingi. Mweleze kinachotokea pale palipovunjika. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na kaboni monoksidi iliyo kwenye moshi hukalia nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Ndiyo maana mifupa ya wavutaji, hasa muundi (mfupa wa mguu chini ya goti), huchelewa kuunga au isiunge kabisa, na kidonda cha upasuaji huingiwa na vijidudu kwa urahisi.

Kisha muulize: sigara ya kwanza unaiwasha muda gani baada ya kuamka? Akisema ndani ya nusu saa, uraibu ni mkubwa na maneno matupu hayatamtosha. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na kibandiko cha nikotini cha kubandika kwenye ngozi, cha miligramu 21, pamoja na chingamu ya nikotini kwa hamu ya ghafla. Kibandiko kina nikotini, ndiyo, lakini hakina moshi. Ni afadhali sana kuliko kuendelea kuvuta.

Siku 3 za kwanza baada ya kuacha sigara ndizo ngumu zaidi. Mpigie simu siku hizo, usingoje arudi kliniki.