Kusoma Hangul, herufi za Kikorea, ukiwa mgeni Korea: mwongozo kwa anayezungumza Kiswahili

Mwezi uliopita nilikaa jioni nne na kijana mmoja wa Morogoro aliyefika hapa Daejeon kwa shahada ya uzamili. Alikuwa na wiki tatu nchini na bado alichagua tambi za pakiti kwa rangi ya pakiti, naye ni Mwislamu. Chuoni anasoma kwa Kiingereza, hivyo huko hakukwama. Alikwama dukani, kituo cha basi na mbele ya mapipa ya taka. Jioni ya nne alikuwa anasoma mwenyewe. Hivi ndivyo tulivyofanya, pamoja na sehemu moja ambayo mimi mwenyewe iliwahi kunipotezea saa mbili na zaidi.

Kusoma ninakokusudia hapa ni kutamka kilichoandikwa. Kuelewa ni kazi nyingine, ingawa maneno mengi yatakujia na maana yake bila kufundishwa.

Hatua ya 1: Weka pembeni herufi za Kirumi

Sisi tumezoea kila irabu kuwa na sauti yake. Tukiona "Seoul" tunasoma se-o-u-l. Wakorea wanaandika 서울, silabi mbili tu: 서 na 울. Hiyo "eo" ni irabu moja, ㅓ. Utaratibu rasmi wa mwaka 2000 wa kuandika Kikorea kwa herufi za Kirumi unaandika ㅓ kwa "eo", ㅡ kwa "eu" na ㅐ kwa "ae". Kwa ramani na pasipoti ni sawa, ila kwa msomaji wa Kiswahili anayeanza ni mtego, maana macho yataenda kwenye herufi anazozijua na zile ngeni hazitaingia kichwani kamwe.

Kijana wangu alikuwa na programu ya simu inayoweka matamshi ya Kirumi chini ya kila neno. Nilimwomba aifute. Tukanunua penseli na daftari la hesabu, lile la viboksi. Sijaona kifaa kinachoshinda hicho, kwa sababu kila silabi ya Kikorea inakaa ndani ya kiboksi kimoja.

Hatua ya 2: Irabu

Tano unazo tayari: ㅏ ni a, ㅔ ni e, ㅣ ni i, ㅗ ni o, ㅜ ni u. Ukiongeza kijiti kimoja unapata y mbele yake: ㅑ ya, ㅛ yo, ㅠ yu, ㅕ ni ㅓ yenye y. Zikiungana, nyingi zinajisoma zenyewe: ㅗ na ㅏ zinatoa ㅘ, wa.

Mpya ni mbili. ㅓ: fungua mdomo kama unasema a, kisha toa o bila kuikusanya midomo. ㅡ: bana penseli kati ya meno, ilale kutoka shavu hadi shavu, halafu sema u. Midomo itashindwa kuviringika, na kitakachotoka ndicho ㅡ. Tulifanya hivyo mezani mara ishirini hivi mpaka penseli ikajaa alama za meno.

Kuhusu ㅐ na ㅔ, usipoteze usiku. Wakorea wengi leo wanazitamka sawa. Tofauti yake ni ya tahajia.

Hatua ya 3: Konsonanti

Mfalme Sejong alikamilisha herufi hizi mwaka 1443 na kuzitangaza 1446. Zilikuwa 28, leo za msingi ni 24. Zilichorwa kwa kutazama kinywa: ㄴ (n) ni ulimi uliogusa juu nyuma ya meno, ㅁ (m) ni mdomo uliofungwa, ㅅ (s) ni jino, ㅇ ni koo. ㄱ ni nyuma ya ulimi inayoziba koo. Ukilijua hilo, huhitaji kukariri orodha. Sauti ikiongezewa pumzi, herufi inaongezewa mstari: ㄱ (k/g) inakuwa ㅋ, ㄷ (t/d) inakuwa ㅌ, ㅂ (p/b) inakuwa ㅍ, ㅈ (ch/j) inakuwa ㅊ. Ikikazwa, inaandikwa mara mbili: ㄲ ㄸ ㅃ ㅆ ㅉ.

Hapa watu wa pwani tuna akiba. Mimi ni wa Mombasa, na kwetu kaa la moto na kaa wa baharini hayatamkwi sawa. La baharini lina pumzi, la moto halina. Vivyo hivyo paa la nyumba na paa mnyama. Ile k ya kaa wa baharini ndiyo ㅋ. Ile ya kaa la moto iko karibu na ㄲ. ㄱ inakaa katikati, laini: mwanzoni mwa neno inaelekea k, katikati ya irabu inakuwa g. Ndiyo maana 고기 (nyama) husikika kogi. Kijana wa Morogoro hakuwa anaisikia tofauti hiyo hata kwa Kiswahili, kwa hiyo tulitumia kipande cha tishu mbele ya mdomo. Kwa 풀 (majani) tishu inaruka. Kwa 뿔 (pembe) haitikisiki. Kwa 불 (moto) inatikisika kidogo.

ㅎ ni h. ㄹ ni r kati ya irabu na l mwishoni. f, v na z hazipo kabisa, hivyo piza ni 피자, pija.

Hatua ya 4: Jenga kiboksi

Konsonanti kwanza, irabu kulia kwake ikiwa ni ya kusimama (가), chini yake ikiwa ni ya kulala (고). Silabi ikianza kwa irabu, nafasi ya konsonanti inajazwa na ㅇ isiyo na sauti: 아. Silabi ikifungwa kwa konsonanti nyingine, hiyo inakaa chini kabisa (탄, tan); tutairudia Hatua ya 6. Chora juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia.

Hatua ya 5: Soma unayoyajua

바나나. 카메라. 라디오. 택시. Soma kwa sauti kabla ya kuendelea.

Kisha nyumbani: 케냐, 탄자니아, 우간다, 콩고, 부룬디, 몸바사, 킬리만자로, 잔지바르. Hilo la mwisho linaishia na ㅡ, kwa kuwa r haiwezi kukaa peke yake. Nenda kwenye mkahawa unaouza kahawa kwa asili yake, utazame ubao au mifuko ya buni. 케냐 na 탄자니아 utazikuta mara kwa mara. Kijana alisimama mbele ya rafu akasoma "t'an-ja-ni-a" kidole kikiwa juu ya mfuko, akaniita, "Kaka, hii ni sisi!" Tangu hapo sikumsukuma tena.

Hatua ya 6: Konsonanti ya chini, yaani 받침

Hapa usiwe na haraka. Jioni mbili kati ya nne zilikwisha hapa.

Maneno yetu huishia kwa irabu, na ya kigeni tunayatilia irabu: basi, hoteli, benki. Kinywa kinafanya hivyo bila kutuuliza. Basi mtu anaona 밥 (wali, chakula) anasema "babu", na mwenye mgahawa anabaki kumtazama. Dawa yake ni kuanza na neno la Kiswahili na kulikata. Sema "jipu", ukifika kwenye p funga midomo na usiifungue: umepata 집, nyumba. Sema "cheka", ishia ulimi ulipoziba k: 책, kitabu. Sema "ota", ishia kwenye t bila kuuachia ulimi: 옷, nguo. Weka kiganja mbele ya mdomo. Mwishoni pasifike upepo wowote.

ㅇ ikiwa chini si kimya tena, ni ng' ya ng'ombe. Sema "Chang'ombe", kata kwenye ng': 창, dirisha.

Sasa tahadhari, na ziko kadhaa.

Chini ya kiboksi zinasikika sauti saba tu: k, n, t, l, m, p, ng'. Herufi nyingine zinaangukia humo. ㅋ na ㄲ zinakuwa k, ㅍ inakuwa p, na ㅅ ㅆ ㅈ ㅊ ㅌ zote zinakuwa t. Ndiyo maana 옷 ina s kwa macho na t kwa masikio. 낫 (mundu), 낮 (mchana) na 낯 (uso) zote ni nat.

Lakini kiboksi kinachofuata kikianza na ㅇ kimya, herufi ya chini inahamia huko na kurudishiwa sauti yake. 옷 ni ot, 옷이 ni oshi (s mbele ya i inakuwa sh). 음악, muziki, inasomwa ㅡ-mak: ile m imehama. ㅇ ya chini yenyewe haihami.

Kisha majirani hubadilishana. k, t, p zikikutana na n au m zinageuka ng', n, m. Asante, 감사합니다, imeandikwa na p lakini ni kamsahamnida. Supu, 국물, ni kung'mul. ㄴ ikikutana na ㄹ, kwa kawaida zote mbili huwa l: 신라, ufalme wa kale wa Korea, ni shilla. Na ㄹ ikija nyuma ya konsonanti nyingine, mara nyingi inakuwa n: 종로, mtaa wa Seoul, ni chong'no.

Mimi nililipia somo hili. Katika mwaka wangu wa kwanza, rafiki wa Bujumbura alinitumia ujumbe kwamba tukutane 독립문, kituo cha laini ya 3 jijini Seoul, kando ya lango la uhuru lililokamilishwa 1897. Niliisoma herufi kwa herufi, dok-rip-mun, na kinywani ikatoka "dokiripumuni". Watu watatu niliowauliza hawakunielewa. Nikapanda treni, nikakaa nikisubiri tangazo liseme neno langu. Tangazo likasema "tong'nimmun", likapita. Nilifika Daehwa, mwisho wa laini. Nikarudi. Nilipoona bango la "Dongnimmun" nikaamini ni kituo kingine, likapita mara ya pili.

Tazama kilichotokea. 독 ina k chini, 립 inaanza na ㄹ. Ile ㄹ inakuwa n, na k iliyo jirani na n inakuwa ng': tong'nip. p ya 립 imekutana na m ya 문, inakuwa m: tong'nimmun. Herufi tatu zimebadilika katika silabi tatu. Kwa hiyo mabango ya Kirumi vituoni yana faida yake, kwani yanafuata matamshi. Yatumie kama majibu ya kusahihishia baada ya kusoma Hangul kwanza, yasije yakakusomea.

Usizikariri kanuni hizi kama sheria za mtihani. Soma neno polepole, kisha haraka mara tano, utaona kinywa chenyewe kinateleza kuelekea huko. Na ukiandika, tahajia haibadiliki hata chembe.

Ziko za chini zenye herufi mbili, kama 닭 (kuku), tak, na 값 (bei), kap. Jifunze neno kwa neno.

Hatua ya 7: Kibodi

Kwenye simu chagua 두벌식: konsonanti kushoto, irabu kulia. Ni ile ile ya kompyuta, hivyo unajifunza mara moja. Ile ya vitufe vichache, 천지인, waachie walioizoea.

Hatua ya 8: Soma nyumbani kwako

Anza na mapipa: 일반쓰레기 ni taka za kawaida, 음식물쓰레기 ni za chakula, 재활용 ni za kuchakatwa upya. Mlangoni 미세요 ni sukuma, 당기세요 ni vuta.

Halafu geuza pakiti. Karibu na orodha ya viungo kuna kiboksi chenye rangi tofauti kinachotaja vinavyosababisha mzio na kuishia na 함유, "ina". Nyama ya nguruwe ni 돼지고기, twejigogi. Ukiikuta humo, jibu umelipata. Usipoikuta, bado haijawa cheti cha halali: tafuta 젤라틴, jelatini, kwenye viungo, na kumbuka kwamba kuku na ng'ombe wanaotajwa hapo hujui wamechinjwaje.

Jioni ya nne tulisimama dukani, yeye ameishika pakiti nyekundu aliyokuwa akiinunua tangu afike. Alisoma kwa kidole: 밀, ngano. 대두, soya. 우유, maziwa. Akafika kwenye 돼, akanyamaza, akamalizia silabi tatu zilizobaki kwa sauti ya chini. Akairudisha kwenye rafu, akachukua iliyo jirani yake na kuanza tena na 밀.